Dume chotara kwa ng'ombe wa nyama: kinachoonekana mnadani na kinachorithiwa zizini

Katika miaka ya karibuni, habari za Wizara ya Mifugo na Uvuvi kukabidhi madume bora wa ng'ombe kwa vikundi vya wafugaji zimekuwa za kawaida masikioni mwa wananchi. Zimeambatana na taarifa za uhimilishaji, za vijana wanaonenepesha ng'ombe katika vituo atamizi chini ya programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora, na za kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mkoani Simiyu mwezi Juni 2025. Hatua hizo zote zinaelekea upande mmoja: kumtoa mfugaji katika kuhesabu vichwa vya ng'ombe na kumfikisha katika kuhesabu kilo za nyama na thamani ya mnyama sokoni.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika takwimu. Sensa ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi ya mwaka 2019/20 ilionesha kuwa Tanzania ilikuwa na ng'ombe takribani milioni 33.9, na zaidi ya asilimia 90 kati yao walikuwa ng'ombe wa asili. Ng'ombe hao, hususan Zebu wa pembe fupi, ni wastahimilivu wa ukame, kupe na safari ndefu za kutafuta maji, lakini hukua taratibu na umbo lao ni dogo. Jike aliyekomaa kwa kawaida huwa na uzito wa kati ya kilo 200 na 300. Kwa mfugaji anayetaka nyama zaidi bila kupoteza ustahimilivu huo, njia iliyo karibu ni kumpandisha jike wake kwa dume mwenye damu nyingine.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo tangazo la ugawaji pekee haliwezi kulijibu: dume yupi kwa jike yupi? Swali hilo huwa gumu zaidi pale dume anayepatikana kijijini au mnadani anapokuwa chotara, kwa sababu chotara ni mnyama anayeweza kumvutia mnunuzi kwa sifa ambazo hatawarithisha watoto wake zote.

Nusu ya kundi katika mnyama mmoja

Jike mmoja, hata akitunzwa vizuri, huzaa ndama mmoja kwa mwaka. Dume mmoja aliyekomaa na mwenye afya anaweza kuhudumia majike 25 hadi 30 katika msimu. Ikichukuliwa kuwa majike 15 tu kati ya 25 ndio wanaozaa kila mwaka, dume huyo ataacha ndama 45 katika miaka mitatu. Nusu ya vinasaba vya kila ndama hutoka kwake. Kwa hiyo, mfugaji anayechagua jike huamua hatima ya ndama wachache, ilhali anayechagua dume huamua hatima ya zizi zima.

Athari hiyo haiishii katika kizazi cha kwanza. Ndama dume wengi huuzwa au huchinjwa, lakini mitamba hubaki kuwa mama wa kesho. Mtamba aliyezaliwa na dume mwenye uzazi hafifu, miguu dhaifu au asiyestahimili magonjwa hubeba kasoro hizo zizini kwa miaka kumi au zaidi. Fedha iliyookolewa kwa kununua dume wa bei nafuu inaweza kupotea mara nyingi kabla mfugaji hajatambua ilikopotelea.

Umbo zuri lisilorithiwa lote

Wanyama wa damu mbili zilizo mbalimbali wanapopandishwa, ndama wao mara nyingi huwa bora kuliko wastani wa wazazi wake. Hukua upesi zaidi, hufa kwa nadra zaidi na, akiwa jike, hushika mimba kwa urahisi zaidi. Wataalamu wa uzalishaji huita hali hiyo nguvu ya uchotara. Nguvu hiyo hutokana na kukutana kwa vinasaba tofauti ndani ya mnyama mmoja, na kadiri damu mbili zinavyokuwa mbali kiukoo, ndivyo nguvu hiyo inavyoongezeka.

Hata hivyo, nguvu ya uchotara ni mali ya mnyama aliyenayo. Dume chotara hapitishi kwa mtoto wake vile vinasaba viwili vilivyokutana. Hupitisha kimoja tu kutoka katika kila jozi. Iwapo ndama atakuwa na nguvu hiyo au la itategemea damu ya jike atakayepandwa. Ndiyo sababu dume chotara anaweza kusimama mnadani akiwa na kifua kipana na mgongo ulionyooka, kisha akazaa ndama wasiomfikia. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mfano wa hesabu unaweza kulifafanua jambo hili. Ichukuliwe kuwa ndama wa Zebu huachishwa kunyonya akiwa na kilo 90, na ndama wa Boran akiwa na kilo 130. Wastani wao ni kilo 110. Ichukuliwe pia kuwa nguvu ya uchotara huongeza kilo 6, hivyo ndama chotara wa kizazi cha kwanza hufikia kilo 116. Tarakimu hizi ni za kufafanulia tu, nazo zinaacha kando tofauti za maziwa ya mama na hali ya malisho.

Mfugaji akimpandisha jike wa Zebu kwa dume halisi wa Boran, atapata ndama wa kilo 116. Akimpandisha jike huyohuyo kwa dume chotara wa Boran na Zebu, ndama atakuwa na robo tu ya damu ya Boran. Wastani wa wazazi unashuka hadi kilo 100, nguvu ya uchotara inapungua kwa nusu na kubaki kilo 3, na ndama anakuwa na kilo 103. Tofauti ni kilo 13 kwa kila ndama. Kwa ndama 45 wa miaka mitatu, hizo ni kilo 585 ambazo hazikufika sokoni, ingawa madume wote wawili huenda walifanana kwa macho siku waliponunuliwa.

Yapo pia matokeo ya kupandisha chotara kwa chotara wa damu zilezile. Nguvu ya uchotara hupungua kwa nusu, na ndama hutofautiana sana: mmoja humfuata babu wa Boran, mwingine bibi wa Zebu. Kwa mfugaji anayetaka kuuza kundi la ng'ombe wa umri na uzito unaolingana kwa kiwanda cha nyama, tofauti hizo ni hasara ya pili.

Chotara wa jana si sawa na mbari iliyotengenezwa

Ni muhimu kutochanganya dume chotara wa kizazi cha kwanza na dume wa mbari iliyotengenezwa kutokana na machotara, yaani ng'ombe ambao damu zao zilichanganywa kwa mpango, wakachaguliwa kwa kumbukumbu kizazi baada ya kizazi, hadi sifa zao zikatulia. Tanzania inao mfano wake yenyewe. Ng'ombe wa Mpwapwa waliendelezwa katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa mkoani Dodoma, ambacho leo kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI. Sehemu kubwa ya damu yao inatokana na Red Sindhi na Sahiwal wenye asili ya Bara Hindi, ikiungana na Zebu wa Tanzania, Boran na kiasi kidogo cha ng'ombe wa Ulaya. Lengo lilikuwa ni kupata ng'ombe wa maziwa na nyama kwa maeneo makavu ya katikati ya nchi.

Afrika Kusini nayo ilitengeneza Bonsmara kwa njia kama hiyo, kwa kuchanganya Afrikaner wa kienyeji na Hereford pamoja na Shorthorn kutoka Uingereza. Katika mifano yote miwili, kilichomtofautisha ng'ombe wa mbari mpya na chotara wa kawaida ni muda, uchaguzi mkali na daftari. Dume wa Mpwapwa aliyetoka kituoni ana wazazi wanaojulikana. Dume wa mnadani anayeitwa chotara kwa sababu ya rangi au ukubwa wa mwili hana ushahidi huo. Maneno ya muuzaji si kumbukumbu ya uzao.

Pale dume chotara anapofaa

Hoja hizi hazina maana kwamba dume chotara hafai kamwe. Zipo hali tatu ambamo anaweza kuwa chaguo la busara.

Ya kwanza ni pale damu zake zote mbili zinapokuwa tofauti na damu ya jike. Dume chotara wa Boran na Simmental, akimpanda jike wa Zebu, huzaa ndama mwenye nusu ya Zebu, robo ya Boran na robo ya Simmental. Kila jozi ya vinasaba vya ndama huyo inakutanisha damu ya Zebu na damu nyingine, hivyo nguvu ya uchotara haipotei. Kanuni ni nyepesi kukumbuka: damu inayojirudia kwa baba na mama ndiyo inayopunguza nguvu hiyo.

Ya pili ni pale mazingira yasiporuhusu damu nyingi ya ng'ombe wa Ulaya. Katika maeneo yenye kupe wengi, ndigana kali, ndigana baridi na maji moyo huwaathiri zaidi ng'ombe wageni. Joto kali na uhaba wa malisho wa miezi ya kiangazi huongeza mzigo. Dume halisi wa Simmental angempa ndama nusu ya damu ya Ulaya, na huenda angehitaji matunzo ambayo mfugaji hana. Dume chotara humpa robo, kiwango ambacho kinaweza kuhimilika pale josho linapofanya kazi na maji yapo karibu. Aidha, jike mdogo wa Zebu hujifungua kwa shida ndama wa dume mkubwa mno. Dume chotara hupunguza hatari hiyo, japo haiondoi, hasa kwa mtamba wa mimba ya kwanza.

Ya tatu ni kwa mfugaji mdogo mwenye uwezo wa kutunza dume mmoja tu. Ranchi kubwa inaweza kuweka madume wa mbari mbili au tatu na kubadilisha kwa zamu ili kulinda nguvu ya uchotara kutoka kizazi hadi kizazi. Mfugaji mwenye majike 20 hana nafasi hiyo. Kwake, dume mmoja aliyebeba damu mbili zinazojulikana ni njia ya kupata sehemu ya faida ya mpango wa ranchi kwa gharama ya mnyama mmoja.

Nje ya hali hizo, kwa mwenye kundi la Zebu, dume halisi wa Boran kwa kawaida humpa ndama bora kuliko chotara wa Boran na Zebu. Boran, mwenye asili ya nyanda za Borana kusini mwa Ethiopia na aliyeendelezwa zaidi nchini Kenya, ni ng'ombe wa nyama mwenye nundu anayemudu ukame. Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO, imemfuga kwa miongo mingi, ikiwemo katika Ranchi ya Kongwa. Pale dume huyo asipopatikana, uhimilishaji kwa mbegu kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River mkoani Arusha ni njia nyingine, ilimradi mhimilishaji, naitrojeni ya kuhifadhia mbegu na utambuzi wa joto la jike vipatikane kwa wakati.

Faida kubwa imo kwa mtamba

Jambo moja halizungumzwi vya kutosha katika mijadala ya ufugaji. Nguvu ya uchotara huonekana kidogo katika sifa za nyama yenyewe, huonekana kwa wastani katika ukuaji, na huonekana zaidi katika uzazi, uhai wa ndama na urefu wa maisha ya jike. Sifa za uzazi hurithiwa kwa kiwango kidogo, hivyo si rahisi kuziboresha kwa kuchagua wazazi pekee. Uchotara ndio mkato wa kuzifikia.

Maana yake kwa mfugaji ni kwamba, katika uzao wa chotara, mtamba ndiye wa kubaki zizini na dume ndiye wa kwenda sokoni. Ndama dume chotara akihasiwa mapema na kunenepeshwa huleta fedha haraka. Mtamba chotara akitunzwa huwa mama anayeshika mimba upesi na kunyonyesha vizuri, kisha anaweza kupandishwa kwa dume wa damu ya tatu. Desturi iliyozoeleka katika maeneo mengi huenda kinyume: dume chotara mwenye umbo kubwa huachwa azae kwa fahari ya mwenye zizi, na mtamba huuzwa pale ada za shule zinapodaiwa.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Damu nzuri haina faida kwa dume asiyeweza kupanda. Kabla ya kununua au kupokea dume, Afisa Mifugo anapaswa kushirikishwa katika ukaguzi. Korodani zote mbili ziwe zimeshuka, zilingane na ziwe imara bila uvimbe. Kwa dume wa miaka miwili, mzunguko wa sentimeta 30 au zaidi ni dalili njema. Kwato na miguu ya nyuma ziangaliwe dume akitembea, si akisimama tu, kwa kuwa dume mwenye maumivu ya miguu hukwepa kupanda. Macho, meno na govi vikaguliwe, na tabia yake ipimwe: dume mkali ni hatari kwa wachungaji, ambao mara nyingi ni vijana wadogo.

Vipimo vya maabara ni vya lazima hasa kwa dume aliyekwisha kuhudumia kundi jingine. Ugonjwa wa kutupa mimba ni hatari kwa ng'ombe na kwa binadamu, na yapo maradhi ya zinaa ya ng'ombe ambayo dume huyabeba bila kuonesha dalili yoyote. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ina maabara zinazopima magonjwa ya mifugo, na gharama ya kipimo ni ndogo ikilinganishwa na msimu mzima usio na ndama. Ikumbukwe pia kwamba mbegu za dume huchukua takribani miezi miwili kutengenezwa. Dume aliyeugua homa kali au kusafirishwa katika mateso anaweza kupanda kwa bidii huku majike wakirudi kwenye joto mmoja baada ya mwingine.

Malisho ya wote, dume wa nani?

Hata dume aliyechaguliwa kwa uangalifu hawezi kubadili uzao wa kijiji ikiwa malisho ni ya pamoja na kila zizi lina dume lisilohasiwa. Jike mwenye joto hasubiri dume wa kikundi. Hupandwa na aliye karibu. Kwa hiyo, kugawa dume bora na kuhasi madume wasiofaa ni kazi moja yenye sehemu mbili, na sehemu ya pili huhitaji makubaliano ya wafugaji wenyewe kupitia mikutano ya kijiji.

Kikundi kinachopokea dume kinapaswa pia kukubaliana, kabla ya siku ya makabidhiano, ni nani atamlisha. Dume wa kilo 600 huhitaji takribani kilo 15 za chakula kikavu kwa siku. Dume wa wote asiye na mwenye kumlisha hukonda ifikapo Septemba, na dume aliyekonda hapandi.

Lipo vilevile suala la undugu. Mitamba waliozaliwa na dume huwa tayari kupandwa ndani ya miaka miwili na nusu hadi mitatu. Dume akibaki kundini baada ya hapo, atawapanda binti zake, na matokeo yake ni ndama dhaifu na uzazi unaoshuka: faida ileile iliyotafutwa kwa uchotara inapotea kwa mlango wa nyuma. Suluhisho ni vikundi kubadilishana madume kila baada ya miaka miwili au mitatu, baada ya kupimwa afya.

Hapa ndipo utambuzi wa mifugo unapopata maana inayozidi udhibiti wa wizi. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 iliweka msingi wa kila mnyama kuwa na alama yake. Hereni yenye namba sikioni, ikiambatana na daftari linaloonesha baba, mama, tarehe ya kuzaliwa na uzito wa kuachishwa kunyonya, humwezesha mfugaji kujua dume yupi alizaa ndama wazito na yupi alizaa ndama wa kufa. Bila daftari hilo, hereni inamtambulisha ng'ombe lakini haimwelezi.

Mafanikio ya kuboresha koo za ng'ombe nchini kwa kawaida hutangazwa kwa idadi ya madume waliogawiwa na mirija ya mbegu iliyosambazwa. Takwimu hizo ni za lazima, kwani bila dume hapana ndama. Hata hivyo, kipimo kitakachomgusa mwananchi kipo hatua moja mbele: ndama wangapi wamezaliwa, wangapi wameishi hadi kuachishwa kunyonya, na walikuwa na kilo ngapi. Halmashauri zikianza kuomba tarakimu hizo kutoka kwa kila kikundi kilichopokea dume, na vikundi vikianza kuziandika, uchaguzi wa dume ajaye hautategemea tena ukubwa wa nundu wala sifa za muuzaji. Utategemea ndama waliokwisha kuonekana zizini.